Jarida la Fasihi na Sauti Zilizo Nje ya Mlango

Neno "kimataifa" limekuwa pambo la majarida ya kitaaluma. Mhariri huongeza majina mawili matatu ya maprofesa wa ng'ambo katika jopo lake, akaona kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, jarida la fasihi ya Kiswahili halipimwi kwa majina ya jaladani, bali kwa sauti zinazosikika kurasani.

Historia yatufunza hivyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, iliunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Taarifa zake ndizo zilizozaa jarida la Kiswahili linalotolewa Dar es Salaam. Nchi zilikuwa nne, lakini walioshika kalamu hapo mwanzo walikuwa hasa maofisa na wamisionari wa Kizungu. Wenye lugha walikuwa wa kuelezwa, si wa kueleza. Wingi wa nchi, basi, si wingi wa sauti.

Leo kalamu tunayo sisi, na hatuna budi kujiuliza ni nani tuliyemwacha nje. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji uitwao sasa Lubumbashi, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa majumbani, na kwa Kiswahili cha huko. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Je, ni wanachuo wetu wangapi waliopata kuisikia?

Wako watakaosema kwamba kuyafungulia mlango maandishi ya namna hiyo ni kuiharibu lugha sanifu. Hoja hii haina uzito. Tungo za Muyaka bin Haji tunazifundisha kwa Kimvita chake, wala hakuna aliyedai zigeuzwe Kiunguja. Makala na yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Kazi inayochambuliwa ibaki katika lugha ya mwenyewe, na maneno mageni yafafanuliwe chini ya ukurasa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mswada usomwe na wahakiki wa nchi zaidi ya moja, na mmoja wao awe mkufunzi wa chuo cha ualimu. Pili, kila makala yawe na muhtasari wa Kifaransa, ili mwenzetu wa Bujumbura au Bukavu aliyesomeshwa kwa lugha hiyo aweze kujadiliana nasi. Tatu, kila toleo litenge nafasi kwa kazi moja iliyotoka nje ya Tanzania na Kenya.

Walimu wenzangu, jambo hili si la wahariri peke yao. Akisomacho mwanachuo leo ndicho atakachokifundisha kesho. Mtoto wa Kigoma ambaye nyanya yake husimulia hadithi kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa ataambiwa darasani ama kwamba hayo ni makosa, ama kwamba hiyo ni fasihi. Jibu atakalopewa hutegemea yale tuliyomsomesha mwalimu wake.