AFYA YAKO: Usiache Kadi ya Moyo Nyumbani

Huenda uliwekewa valvu ya bandia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Sasa daktari anataka upigwe picha ya MRI. Mashine hiyo ni sumaku yenye nguvu sana. Je, itaing'oa valvu? Hapana. Valvu imeshonwa imara, na valvu nyingi hazidhuriwi na sumaku hiyo. Lakini mpiga picha lazima ajue aina yake kabla hujaingia chumbani. Imeandikwa katika kadi uliyopewa baada ya upasuaji. Safari kutoka Karagwe ni ndefu. Ukisahau kadi, waweza kurudi bila picha. Saa, pete na sarafu viache nje. Dawa ya kuzuia damu isigande endelea kuimeza kama ulivyoagizwa.