Tusikubali cheo kabla ya kuuliza kipimo

Neno "cheo" katika Kiswahili lina maana mbili ambazo aghalabu hatuziweki pamoja. Ya kwanza, inayojulikana na kila mtu, ni daraja au hadhi ya mtu miongoni mwa wenzake. Ya pili, ambayo imeanza kusahaulika ijapokuwa kamusi zingali zinaihifadhi, ni kipimo: kile kinachotumiwa kujulia ukubwa wa kitu kingine. Maana hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa hakuna daraja lisilotokana na kipimo fulani. Sisi, kwa bahati mbaya, tumemkumbatia ndugu mmoja na kumfukuza wa pili. Tunashangilia vyeo pasi na kuuliza vilipimwa vipi, na nani, na dhidi ya nani.

Ningependa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu tuitazame kasoro hii kupitia mlango ambao pengine hawakuutarajia, nao ni mchezo wa tarakilishi uitwao Robocode. Mathew Nelson alianza kuuunda mwishoni mwa mwaka wa 2000, na kampuni ya IBM ikautoa kwa umma mwezi wa Julai 2001. Tangu mwaka wa 2005 umekuwa programu huria, yaani kila mtu anaweza kuupata bila malipo na kuona jinsi ulivyoundwa. Mimi nilijulishwa mchezo huu na wanafunzi wangu, na nakiri kwamba umenifunza mengi kuhusu utahini kuliko makongamano kadhaa niliyohudhuria.

Katika Robocode mchezaji hashiki usukani wala hafyatui risasi. Anachofanya ni kuandika programu, hasa kwa lugha ya Java, ambayo itaiongoza roboti yake vitani huku yeye ameketi akitazama. Roboti yenyewe ni kifaru kidogo chenye sehemu tatu: kiwiliwili, mzinga na rada. Namna ya kukimbia, kulenga na kukwepa huamuliwa na mwandishi wa programu, na hapo ndipo roboti moja hutofautiana na nyingine. Kila roboti huanza na nishati 100. Kufyatua risasi hugharimu nishati hiyo, na risasi ikimpata adui, gharama hiyo hurudishwa, tena kwa faida. Risasi nzito huumiza zaidi lakini huenda polepole, nayo nyepesi huenda kasi lakini haina madhara makubwa.

Jambo lililonivutia zaidi, nikiwa mwanaisimu, ni kwamba rada haioni risasi. Inamwona adui tu: alipo, aendako na nishati aliyobaki nayo. Basi roboti hujuaje kwamba imefyatuliwa risasi? Hutazama nishati ya adui. Ikipungua ghafla kwa kiasi kinacholingana na gharama ya risasi, roboti hukata shauri kwamba risasi iko njiani na kuanza kukwepa. Inasoma alama na kutoa maana. Hivyo ndivyo msikilizaji afanyavyo na maneno, na ndivyo mwalimu afanyavyo na karatasi ya mtihani. Hatuoni akili ya mtoto; tunaona alama zake, kisha tunakisia.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini aliyeunda chombo atajuaje kuwa kimeundwa vizuri? Robocode huja na roboti kadhaa za mfano kwa ajili ya wanagenzi. Mojawapo, iitwayo SittingDuck, haisogei wala haipigani. Hutulia pale pale kama bata aliyetuama. Nyingine, Walls, huambaa kando ya kuta za uwanja bila kutua. Mwanagenzi akiishinda SittingDuck kwa asilimia 100, furaha yake ni halali, lakini hajajua lolote kuhusu mzinga wake mbele ya adui anayekimbia. Alama ile ni ya kweli, na bado haina habari.

Mafundi waliobobea hufanya vingine. Huteua kundi la wapinzani wa aina mbalimbali, wepesi na wagumu, wanaokimbia na wanaosubiri. Kisha hubadilisha jambo moja tu katika programu yao na kurudia mapambano mara nyingi. Sababu ya kurudia ni kwamba bahati ina mkono wake katika kila pambano; roboti zile zile zikikutana mara mbili hazitoi matokeo yale yale. Hesabu ya takwimu inatufunza kwamba ukitaka kupunguza shaka hiyo hadi nusu, lazima uongeze majaribio mara nne. Fundi anayeona alama zake zimepanda kidogo baada ya mapambano machache hasherehekei. Anajua huenda ni upepo tu.

Wachezaji hawakukomea kwenye majaribio ya faragha, maana mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Walianzisha shindano la kudumu kwenye intaneti liitwalo RoboRumble, ambalo limewahi kuwa na zaidi ya roboti 1000. Kila roboti inakusudiwa kukutana na kila nyingine, katika mapambano ya raundi 35. Hakuna jopo la waamuzi: wachezaji hujitolea tarakilishi zao kuendesha mapambano, matokeo hutumwa mahali pamoja, na kila mtu anaweza kuona nani alipambana na nani na kwa alama ngapi. Kadhalika yapo makundi kwa kadiri ya ukubwa wa programu: chini ya baiti 250, chini ya 750, chini ya 1500, na lile lisilo na mpaka. Kwa hivyo roboti ndogo iliyoundwa kwa werevu hupata pia uwanja wa kupimwa na za kimo chake.

Hata baada ya uadilifu wote huo, swali la nani bora halina jibu moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Roboti mbili, Chui na Paa, zimepambana na wapinzani kumi wale wale. Chui amewaponda wanane kwa kupata asilimia 95 ya alama zote katika kila pambano, lakini wawili walio hodari wamemshinda, akaambulia asilimia 40 kwa kila mmoja. Wastani wake ni 84. Paa amewashinda wote kumi, kila mmoja kwa asilimia 70, na kwa hiyo wastani wake ni 70. Tukipanga kwa wastani, Chui anaongoza. Tukipanga kwa idadi ya waliobwagwa, Paa anaongoza, kwani Chui ana wanane tu. Wachezaji wa Robocode wanaijua tofauti hii vizuri, na huweka orodha za aina zote mbili. Hawafichi kwamba kuchagua kipimo ni kuchagua mshindi.

Upo pia mfumo uliotungwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Marquette nchini Marekani. Shirikisho la sataranji la Marekani liliukubali mwaka wa 1960, na lile la kimataifa mwaka wa 1970. Baadaye ukaenea katika michezo mingi ya tarakilishi. Katika mfumo huu mchezaji hupewa nambari moja, na tofauti ya nambari mbili hutabiri matokeo: anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 hutarajiwa kuvuna takriban asilimia 76 ya alama watakazoshindania. Ni mfumo wa busara, lakini unachukulia kwamba uhodari wote unaweza kupangwa kwenye mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Roboti hukataa kupangwa hivyo. Ya kwanza huishinda ya pili, ya pili ikaishinda ya tatu, na ya tatu ikarudi kuishinda ya kwanza, kwa sababu mbinu yake ya kukimbia ndiyo hasa isiyowezwa na mzinga wa ile ya kwanza. Katika mduara wa namna hiyo nambari moja haitoshi kueleza yaliyomo.

Isitoshe, roboti inaweza kushuka cheo bila kubadilika hata kidogo. Wapinzani wapya wanapoingia uwanjani, mizani nzima husogea. Na ipo roboti inayopanda kwa njia ya kutilika shaka: mwundaji wake ameisomesha tabia za wapinzani waliomo katika orodha, mmoja mmoja, mpaka imezikariri. Mpeleke mbele ya mgeni na utaona imepigwa butwaa. Walimu wenzangu hawahitaji kuelezwa ninamaanisha nini. Tumewaona watahiniwa waliokariri karatasi za miaka kumi iliyopita, ambao swali likigeuzwa maneno mawili tu, hutoka jasho.

Hapa ndipo mchezo unapotugusa. Kwa miaka mingi shule zetu nchini Kenya ziliorodheshwa kwa wastani wa alama za mitihani ya kitaifa, na majina ya zilizoongoza yakapambwa magazetini. Mwaka wa 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku uorodheshaji wa shule na watahiniwa. Mtihani wa KCPE nao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na Mtaala wa Umilisi ukaleta tathmini zinazofanywa hatua kwa hatua. Hayo ni mabadiliko makubwa. Lakini kuondoa orodha magazetini si sawa na kuiondoa vichwani. Wazazi wangali wananong'onezana shule ipi ni ya kwanza, na katika madarasa mengi mtoto angali anaitwa kwa namba yake kabla ya kuitwa kwa jina lake. Shule iliyochagua wanafunzi wenye alama za juu ikapata wastani wa juu imeshindana na nani? Na shule ya mashambani iliyompokea mtoto asiyejua kusoma ikamfikisha mahali pa kuandika insha, ushindi wake umeandikwa wapi?

Nasikia mtu akisema kwamba huu ni mchezo, tena wa vita, na kwamba si vyema kuwalinganisha watoto na mitambo. Kuhusu vita, vifaru hivi havina damu, na anayeshindwa hurudi kuisahihisha programu yake. Kuhusu ulinganisho, nakubali kwamba mtoto si roboti, na hiyo ndiyo hoja yangu. Roboti inaweza kujaribiwa mara elfu kumi, ikiwa katika hali ile ile, haina njaa, haina homa wala msiba nyumbani. Baada ya yote hayo mafundi wake bado husitasita kutamka kwamba ni bora kuliko nyingine, na hutaja kwanza ni kwa kipimo gani. Mtoto wetu hufanya mtihani mkubwa mara moja, asubuhi moja, na sisi tukatamka bila kusita. Ikiwa tahadhari hiyo yafaa kwa kifaru cha kuchora, vipi tunamnyima binadamu?

Nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa shule zenye maabara ya tarakilishi: anzisheni chama cha Robocode. Haina gharama ya leseni, na mwanafunzi atajifunza kuandika programu, hesabu ya pembe na takwimu kwa pamoja. Lakini msikomee kwenye kumtuza mshindi. Waacheni wanafunzi wenyewe watunge kanuni za kupima, wapange orodha mbili zinazotofautiana kutokana na matokeo yale yale, kisha wajadiliane ipi ni ya haki na kwa nini. Kijana aliyewahi kuona Chui na Paa wakibadilishana nafasi hatatishwa tena na orodha yoyote.

La pili ni kwetu walimu, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Kabla ya kumwandikia mwanafunzi neno "hafifu" katika ripoti yake, tujiulize alipimwa kwa kazi za aina ngapi, alipimwa mara ngapi, na analinganishwa na akina nani. Majibu yakiwa mafupi, basi hukumu nayo iwe fupi, tena iandikwe kwa penseli.