Majambazi Watatu Walishindwa Kuungana, Madairekta Watatu Wakaweza

Wasee wa Meru, leo neno langu ni moja: tuache hii maneno ya kila mtu na movi yake pekee yake.

Kuna movi ya Kikantoni inaitwa Trivisa, ya 2016. Ina majambazi watatu sugu wa Hong Kong. Mwaka ni 1997, Uingereza inarudisha mji kwa Uchina, na mtaani kuna uvumi kwamba hao watatu wataungana wapige wizi mmoja mkubwa. Sitakumalizia stori, lakini jua tu kila mmoja ana kiburi chake na tamaa yake.

Sasa cheki hii. Nyuma ya kamera pia walikuwa watatu: Frank Hui, Jevons Au na Vicky Wong. Hawakuwa majina makubwa. Walitokea kwa shindano la filamu fupi, Fresh Wave, na mkongwe Johnnie To akawashika mkono kama prodyuza. Kila dairekta akachukua jambazi wake, halafu vipande vikasukwa pamoja wakati wa kuhariri. 2017 ikabeba tuzo ya filamu bora kule Hong Kong.

Johnnie To mwenyewe alikuwa ameshajaribu kitu karibu na hicho 2007, kwa Triangle, na Tsui Hark na Ringo Lam. Mmoja anaanzisha stori, wa pili anaendeleza, wa tatu anamaliza. Ni tamu, lakini mshono unauona. Trivisa inashika zaidi kwa sababu wote watatu wanakimbizwa na saa moja: 1997.

Na sisi saa yetu tunayo. Somalia ilifungia miraa yetu 2020, ikafungua Julai 2022. Hapo katikati kuna movi nzima. Mkulima wa Maua anayeangalia miti yake na hana mnunuzi. Dereva wa Hilux aliyezoea kukimbiza mzigo Nairobi uwahi ndege, sasa anaombwa abebe mzigo mwingine asiouliza ni nini. Broka wa hapa Gakoromone mwenye madeni kila kona ya soko. Watu watatu, madairekta watatu, mhariri mmoja.

Najua utaniambia mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu. Jina la nani litatangulia? Pesa ikiingia, nani anashika? Hayo ni maswali ya maana, na dawa yake ni kuandikiana kabla kamera haijawashwa: mgao sawa, majina kwa alfabeti, na mhariri akikata sehemu yako hununi.

Kwa sababu angalia tulivyo. Kila mtu na simu yake, klipu yake ya dakika moja, watazamaji wake wachache. Klipu tunazo mpaka zimejaa. Movi ya saa moja na nusu kuhusu soko letu, bado.

Mimi nachukua broka. Nani anachukua dereva?