Janjanbureh: Mji Mmoja, Stori Mbili

Safu hii haipendi kukaa sehemu moja kama gari bovu, kwa hiyo leo nakutoa nje ya jiji, tena mbali kweli. Tunakwenda Gambia, kule Afrika Magharibi. Na usidhani nakupeleka kwenye mahoteli ya ufukweni ambako watasha wanajianika juani kama dagaa. Hapana bwana! Sisi tunapanda na mto, kama kilomita 300 kutoka Banjul, mpaka kwenye kimji kimoja kinaitwa Janjanbureh. Nauli nilipata wapi? Hayo ni ya mimi na mjomba, wewe fuata stori.

Kwanza uijue nchi yenyewe. Gambia imekaa kama mkanda wa suruali, ndefu na nyembamba, na Senegal imeizunguka pande zote isipokuwa upande wa bahari. Upana wake hauzidi kilomita 50 hivi. Ukiuliza kwa nini, jibu ni mto. Waingereza waliutaka mto, Wafaransa wakashika eneo lililouzunguka, na mpaka ukachorwa kuufuata huo mto kushoto na kulia. Watu wenyewe hawakuulizwa, kama kawaida ya mambo yale.

Janjanbureh iko kwenye kisiwa katikati ya mto, kisiwa chenye urefu wa kama kilomita 10. Waingereza walikichukua mwaka 1823, wakajenga ngome, kisiwa wakakiita MacCarthy kwa jina la gavana wao na mji wakauita Georgetown kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1995 jina la mfalme likawekwa kando, mji ukaitwa Janjanbureh. Usishangae lakini ukimsikia mtu bado anasema Georgetown.

Kufika huko utapanda gelli-gelli, ndugu kabisa wa daladala zetu. Zinajaa, zinabeba mizigo juu ya paa, na konda anaapa bado kuna nafasi ya mtu mmoja. Ukija na upande wa kusini utaingia kisiwani kwa daraja. Upande wa kaskazini watu wamezoea kuvuka kwa pantoni, na mtu wa Kigamboni wa zamani hapo hatahitaji maelezo.

Ukishashuka, kitu cha kwanza kitakachokugusa ni ukimya. Mtaa mkuu ni mfupi, mbuzi wanapita bila haraka, na kando ya maji yamesimama majengo makubwa ya zamani yenye mabati ya kutu. Hayo yalikuwa maghala na maduka ya makampuni ya biashara. Kuanzia miaka ya 1830 karanga za Gambia zilianza kwenda Ulaya, na zilisafiri kwa mto, kwa sababu mto ndio uliokuwa barabara. Baadaye zikaja meli za abiria. Ya mwisho kujulikana sana ilikuwa Lady Chilel Jawara, iliyopewa jina la mke wa rais wa wakati ule, nayo ilizama mwaka 1984. Baada ya hapo lami ikachukua kazi. Mji uliokuwa bandari ukawa kona ya barabara. Ndiyo maana uko kimya.

Sasa, kabla hujaulizia chumba wala soda, salimia. Pale hakuna mambo ya "poa" halafu unapita. Utaanza na salamu aleikum, kisha kwa Kimandinka utaambiwa "kaira be", yaani amani ipo, nawe unajibu "kaira dorong", amani tupu. Halafu unaulizwa watu wa nyumbani wako wapi, unajibu wapo. Halafu jina la ukoo. Hapo ndipo raha inapoanza, maana kule kuna utani kama wetu wa makabila. Wajola na Waserer, kwa mfano, ni watani wa kutukanana mchana kweupe na hakuna anayenuna. Kwa Kimandinka utani huo unaitwa sanawuya. Mgeni wa Bongo ukieleza kwamba na sisi tunao, basi umeshakuwa mtu wa nyumbani. Mimi nilipewa ukoo palepale, na mtani wa kunisumbua juu yake.

Haya, tuje kwenye stori zenyewe.

Hutatembea hatua nyingi kabla kijana mmoja hajakufuata. Ni kijana safi, kavaa jezi ya timu ya Uingereza, anaongea Kiingereza cha kujiamini. Anataka kukuonyesha nyumba ya watumwa. Utapelekwa kwenye jengo la zamani karibu na mto, utashushwa chini kwenye chumba chenye giza, na utaambiwa hapa babu zetu walifungwa minyororo, hapa walipewa maji, hapa walingoja meli. Atazima tochi ili usikie lile giza. Nakwambia nywele zinasimama. Nilikuta mama mmoja wa Kimarekani analia machozi ya kweli, na mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Tatizo ni tarehe. Hebu tupige hesabu pamoja, hii haihitaji chuo kikuu, kidato cha nne kinatosha. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake mwaka 1807. Mji ule Waingereza waliuanzisha mwaka 1823, miaka 16 baadaye, na mojawapo ya kazi za vituo vyao kwenye mto ilikuwa kuzuia hiyo hiyo biashara. Majengo yale ya kando ya mto ni ya baada ya hapo. Waandishi wengi wa historia na wa vitabu vya wasafiri wameshasema kwamba lile jengo lilikuwa ghala la wafanyabiashara. Giza la chumba ni la kweli. Minyororo ndiyo yenye mashaka.

Usinielewe vibaya. Sisemi watumwa hawakupita kwenye mto ule. Walipita, tena maelfu kwa maelfu, kwa karne nyingi. Karibu na mdomo wa mto kuna kisiwa chenye ngome ambacho tangu mwaka 2011 kinaitwa Kunta Kinteh, na mwaka 2003 kiliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa sababu ya historia hiyo. Kama uliwahi kuangalia ule mchezo wa televisheni wa Roots, uliotoka mwaka 1977, basi Kunta Kinte unamjua. Na huko bara, mbali na macho ya Waingereza, watu waliendelea kumilikiwa miaka mingi baada ya 1807. Maumivu ni ya kweli. Ila hayakutokea lazima kwenye chumba kile unacholipia kiingilio.

Stori ya pili ndiyo iliyonikaa rohoni, na hiyo hakuna anayekukimbilia barabarani kukuuzia. Baada ya ile sheria, manowari za Uingereza zilikuwa zinakamata meli za watumwa baharini na kuwashusha watu Freetown, Sierra Leone. Hao hawakuweza kurudishwa makwao, wengine walitoka nchi za mbali na makwao kulishachomwa. Katika miaka ya 1830 baadhi yao walipelekwa Gambia, na wengine wakapandishwa mto mpaka kisiwa hiki. Fikiria mwenyewe: umeuzwa, umefungwa kwenye meli, umeokolewa, halafu unashushwa kwenye kisiwa cha watu wasiojua lugha yako na kuambiwa anza maisha. Wapo walioumwa wakafa. Waliobaki walilima, wakafanya biashara, wakasali kwenye kanisa la Wamethodisti, wakaoa na kuzaa.

Ndiyo maana pale mjini utaonyeshwa pia mti wa uhuru. Masimulizi yanasema mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake na kufanikiwa kuugusa alihesabiwa huru. Ni masimulizi, siwezi kukuapia. Lakini ona tofauti! Stori ya kwanza inasema hapa watu walifungwa. Ya pili inasema hapa watu walikimbilia. Kwa mji mdogo hiyo si tofauti ya mchezo.

Jioni nilimuuliza yule kijana kwa nini haanzi na hii ya pili. Alicheka tu. Akasema, kaka, mgeni akishuka kwenye boti anauliza nyumba ya watumwa iko wapi. Hajawahi kuja hata mmoja akauliza waliookolewa walilima nini.

Basi hapo ndipo ngoma ilipo, wajameni. Kijana anauza kinachonunuliwa. Sisi wageni tunafika na stori yetu mfukoni, tunataka tu mtu wa kutuonyesha ukuta wa kuibandika. Na si watasha peke yao. Mwafrika mwenzangu aliyetoka mjini na kamera yake naye anataka alie kidogo, apige picha, aondoke na boti ya jioni. Mji unabaki na sarafu chache na stori isiyo yake.

Na vijana wanaondoka. Hili sitaki ulisome kwa haraka. Sisi tunajua maana ya kuzamia, kila mtaa una mtu wake aliyekwenda majuu kwa mlango usio rasmi. Gambia nao wana neno lao, wanaita njia ya nyuma: unavuka Senegal na Mali, unapita jangwani, unafika Libya, kisha mashua ya mpira hadi Italia. Kati ya mwaka 2014 na 2017 vijana wa kinchi kile kidogo walikuwa wengi ajabu kwenye mashua zile. Wapo waliofika, wapo waliorudishwa kutoka magereza ya Libya, na wapo ambao mama zao bado wanangoja simu. Kwenye kijiwe nilichokaa kulikuwa na vijana sita, na kila mmoja alikuwa na jina la kutaja.

Sasa niambie, kijana wa aina hiyo, anayemwonyesha mgeni chumba cha giza na kusema babu zetu walipelekwa baharini kwa nguvu, usiku analala na kuwaza nini? Mimi sikupata ujasiri wa kumuuliza.

Nisikuhuzunishe sana lakini. Janjanbureh si msiba, ni mji mtamu kwa anayejua kukaa. Kwa hiyo, kama siku moja mjomba wako naye atakuwa na roho nzuri, fanya hivi.

Kwanza, lala. Usije na boti ya saa moja ukaondoka. Usiku mmoja wa chumba, chakula cha jioni na cha asubuhi unaacha hela mjini kuliko kiingilio cha vyumba kumi vya giza. Kula domoda, mchuzi mzito wa karanga juu ya wali. Mnakula kwenye bakuli moja kubwa, mkono wa kulia, na kila mtu ana eneo lake la mbele. Usivamie katikati kwenye nyama, wenyeji ndio wanaokusogezea.

Pili, kaa kijiweni. Kule kijiwe ni attaya, chai ya kijani kutoka China inayochemshwa kwenye birika dogo na kumiminwa kutoka juu mpaka itoe povu. Raundi ni tatu. Ya kwanza chungu, ya mwisho tamu, na katikati yake mnaweza kumaliza saa mbili mkijadili mpira. Anayeondoka baada ya raundi ya kwanza ameonja uchungu tu.

Tatu, vuka uende Wassu, upande wa kaskazini, kwenye duara za mawe. Ni nguzo za mawe mekundu, nyingine zina urefu wa mita mbili na uzito wa kama tani saba, zimesimamishwa juu ya makaburi na watu walioishi kule muda mrefu kabla ya meli yoyote ya Ulaya kuingia mtoni. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2006. Wageni huweka kijiwe kidogo juu ya nguzo. Weka na chako.

Nne, pita pale Armitage, sekondari ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya watoto wa machifu. Siku hizi watoto wa kila mtu wanasoma. Ukitaka kuona mji unaelekea wapi, angalia wanafunzi wakitoka darasani, usiangalie kuta za ghala tu.

Na yule kijana mwenye jezi? Mlipe! Usijifanye mjuaji ukambishia mbele ya wageni, ile ndiyo ofisi yake. Nenda naye, ingia chumbani, toka. Halafu mwambie, haya ndugu yangu, nimelipia ya kwanza, sasa nalipia na ya pili: nieleze ya wale waliookolewa, nieleze ya meli, nieleze ya bibi yako aliyekuwa akiuza karanga. Mimi nililipa mara mbili, na nakuhakikishia ile ya pili ilikuwa ndefu zaidi na alikuwa anaisimulia bila kuangalia saa.

Mgeni akiuliza swali jipya, mji unapata sababu ya kukumbuka jibu. Wakiuliza kumi, kijana mmoja anaweza kuona kwamba pale alipo pana kazi.

Kwa leo naishia hapo. Wewe kaa mkao wa kula, wiki ijayo tunarudi mjini kwenye mambo yetu yale yale. Kaira dorong!