Kuposti si Kuchapa

Kuna kauli imeshika kasi kwenye makundi yetu ya waandishi: "Karatasi imekufa, ukishaposti umechapisha." Naipinga, tena naipinga nikiwa hapa Bagara, Babati, ambako steshenari hazikosi watu wa kuprinti barua za kazi, fomu na mitihani, ila anayekuja kuprinti hadithi yake ni wa kutafutwa kwa tochi.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Hebu weka simu yako kwa Kiswahili. Kitufe cha kuweka andiko mtandaoni kinaitwa "Chapisha". Cha kulituma kwenye printa nacho "Chapisha". Mambo mawili, jina moja, na waandishi tumenyamaza.

Mkanganyiko huu si wa jana. Lugha ya BASIC ilipoanza mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, amri ya PRINT ilikuwa kuchapa kweli: majibu yalitoka kwenye karatasi ya teleprinta. Kikaja kioo, kikalichukua neno. Kufikia miaka ya 1980, kompyuta ya nyumbani kama ZX Spectrum ilihitaji amri mbili: PRINT kwa kioo, LPRINT kwa printa. Mwenye Commodore 64 alianza na OPEN 4,4 kufungua njia, ndipo akatuma maneno kwa PRINT#4. Usumbufu, ndiyo, lakini alijua tofauti. Umeme ukikatika, cha kwenye kioo kimekwenda. Cha kwenye karatasi kipo.

Sisi somo hilo lilitupita. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Waandishi wetu wakabaki na taipureta, kaboni na stensili. Taipureta haina kioo: ukigonga herufi, iko kwenye karatasi tayari. Kutoka hapo wengi tukarukia simu, ambayo ni kioo kitupu. Hatukujifunza kwamba kati ya kuandika na kubakisha kuna hatua ambayo lazima uiamuru mwenyewe.

Matokeo yake? Wazee wanasimulia hadithi za Kigorowa na Kiiraqw, vijana wanarekodi, wanarusha kwenye kundi la WhatsApp. Simu ikiibiwa, kwaheri. Blogu isipolipiwa, kwaheri. Mhakiki wa mwaka 2060 atasoma nini jamani, skrinishoti?

Mtanijibu kwamba karatasi nayo huliwa na mchwa, hulowa, huungua. Kweli. Tena si kila chapa hudumu. Risiti za EFD mnazijua: zimechapwa kwa joto, ziache juani siku chache uone kama utasoma kitu. Wino wa maji nao ukiguswa na mvua hutiririka. Kwa hiyo ukifika steshenari, omba printa ya leza, ambayo unga wake huyeyushwa ukang'ang'ania karatasi. Toa nakala tatu, zikae nyumba tatu. Mchwa wa Babati ni hodari, lakini kuvamia nyumba tatu kwa mpigo si rahisi.

Mtasema gharama. Bando la wiki mbona mnanunua bila kulalamika? Bando likiisha, limeisha. Hadithi fupi ya kurasa sita ukiichapa leo, mjukuu wako ataisoma bila nywila wala chaji.

Sidai blogu zifungwe. Mnasoma hapa, nami naandika hapa. Mtandao unatufikisha kwa wasomaji haraka kuliko kitabu chochote. Ila kufika ni jambo moja, kubaki ni lingine. Tuiite kazi kwa jina lake: mtandaoni tunaposti, kwenye karatasi tunachapa. Na mwandishi akijisifu tena kwamba amechapisha, tumuulize swali moja tu: nakala iko wapi?