Virunga haiko ya wageni peke yao

Vijana wenzetu wa Goma,

Ukiuliza mutoto wa Majengo ao wa Ndosho "Virunga iko nini?", wengi watakujibu kwamba ni soko. Pale tunanunua nguo, maharagi na makala. Wachache watasema ni parki. Na hao wachache, uwaulize kama walishafika kule. Watacheka: "Ile iko ya bazungu."

Jibu hilo linatuhangaisha. Tunaona kwamba linaharibu Virunga polepole, sawa na vile silaha zinaiharibu kwa haraka.

Tukumbushane kwanza tuko na nini. Parki ilianzishwa tarehe 21/4/1925 na mukoloni Mubeleji, akaiita Parki Albert. Ndiyo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika yote, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. Ukubwa wake ni kilometa za mraba karibu 7,800. Inaanzia huku kwetu, Nyiragongo na Nyamulagira, inapita ziwa Edward, mpaka kwenye teluji ya Ruwenzori, metre 5,109. Ndani kuko gorila wa mulimani, tembo, viboko, sokwe-mutu wa Tongo, na okapi, munyama asiyeishi porini mu inchi ingine yoyote isipokuwa Congo. Mu ziwa Kivu kuko kisiwa cha Tchegera, mudomo wa volkano ya zamani uliobaki juu ya maji. UNESCO iliandika Virunga kuwa mali ya dunia mwaka 1979. Mwaka 1994 ikaiweka kwenye orodha ya mali zilizo hatarini, na mpaka leo haijaitoa.

Na bado kuko habari njema. Mwaka 1981, gorila waliohesabiwa mu milima ya Virunga, kwetu, Rwanda na Uganda pamoja, walikuwa 254. Hesabu ya 2015-2016 ilipata 604. Katikati ya miaka hiyo vita ilipita mu pori hilo mara ngapi? Gorila waliongezeka juu watu walikubali kufa kwa ajili yao. Gardi zaidi ya 200 wameuawa kwa upande wetu. Tarehe 24/4/2020, karibu na Rumangabo, siku moja tu, gardi 12 na raia 5 waliuawa. Wale hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa inchi hii, wako na wajane na mayatima wanaoishi katikati yetu.

Sasa tuongee makuta. Gorila hajui mupaka. Upande wa Rwanda, kuona gorila saa moja ni dola 1,500 tangu 2017, na 10% ya mapato ya parki zao inarudi kwa watu wanaoishi pembeni. Uganda ni dola 800 tangu 2024. Kwetu ilikuwa dola 400 mbele ya kufunga. Juu tulifunga: mwaka 2018 kisha gardi mumoja kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Tukafungua 2019. Tukafunga tena mwezi wa tatu 2020 juu ya Covid. Halafu vita ya M23 ikarudi, na tangu 2022 sehemu ya gorila iko mikononi mwao. Mutalii anashuka Kigali, anaona milima ile ile kutoka upande wa pili, anarudi kwao. Hapa Goma, kijana aliyesoma utalii miaka mitatu ao mitano anauza unite za simu ao anaendesha moto ya mutu mwingine. Tuko wengi wa namna hiyo, diplome iko kwenye valizi.

Somo letu ni hili: mutalii wa mbali anakimbia risasi ya kwanza, na ni haki yake. Mwenye kubaki ni sisi. Kama parki inasimama tu juu ya dola za mutu anayeweza kukimbia, siku akikimbia hakuna mwenye kuitetea. Tena mwenye kubaki ndiye anayepika na makala. Muji mukubwa kama Goma unakula pori kila asubui, gunia kwa gunia. Mama wa Katoyi hawezi kuiva maharagi na hotuba ya UNESCO. Tusimulaumu mama huyo. Tuulize kwa nini umeme wa Matebe, unaotoka mu mito ya parki hiyo hiyo, umewasha taa za Goma lakini haujafika kwenye sufuria ya masikini.

Kuko wenye watasema: "Watu wanakufa, na ninyi munaongea nyama wa pori?" Tunawasikia, na wengine kati yetu wamezika. Lakini angalia nani anakula mu pori lile. Vikundi vya silaha vinatoza kodi makala, vinatoza mbao, vinatoza samaki wa ziwa Edward, vinaweka barriere kwenye barabara. Risasi inayomuua mulimaji wa Rutshuru inanunuliwa na muti uliokatwa mu parki yake. Na wamama wakimbizi wa Kanyaruchinya na Bulengo walikuwa wanabakwa wakienda kutafuta kuni. Kwa hiyo amani ya watu na uzima wa pori ni neno moja.

Tunaomba, na hatutachoka kuomba:

Kwanza, vikundi vyote vya silaha vitoke mu parki, bila kuchagua kikundi.

Pili, siku milango itafunguka, bei ya raia ibandikwe wazi, ilingane na mufuko wa raia. Kila mwaka wanafunzi wapelekwe Nyiragongo, Tchegera na Rwindi.

Tatu, kazi za kuongoza wageni, kutunza kambi na kupika zitolewe kwa mashindano ya wazi, kwanza kwa vijana wa vijiji vya pembeni na wa muji huu. Tusisikie tena "uko na nani mule ndani?"

Ine, kila franga inayoingia na kutoka iandikwe kwenye mbao za vijiji, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kinande. Watu wa Kibumba wajue ni shule gani ilijengwa, na kwa bei gani.

Tano, wajane na mayatima wa gardi wasikumbukwe tu siku ya maua.

Na wewe unayesoma, usingoje wakubwa. Ujifunze majina ya milima hii, ufundishe wadogo wako. Mutu akisema mbele yako kwamba Virunga iko ya bazungu, usicheke naye. Umujibu ni ya nani, na umwambie waliokufa wakiilinda ni kina nani.

Virunga iko yetu. Tuilinde, tuitembelee, tuulize hesabu yake.