Kuchanganya muziki si kosa, kudesa ndiyo kosa

Wadau, huu mjadala wa kwamba anayechanganya muziki anauza utamaduni umenichosha. Eti kila watu wabaki na ngoma yao, mgeni asiguse. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Paul Pena.

Huyu jamaa alikuwa mpiga blues wa Marekani, ukoo wake umetoka Cape Verde, na alikuwa kipofu. Usiku mmoja mwaka 1984 anazungusha redio ya masafa mafupi, akainasa Radio Moscow. Akasikia mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa mpigo: moja nzito inanguruma chini, nyingine juu kama filimbi. Ni uimbaji wa koo wa Watuva, watu wa kusini mwa Siberia, Urusi.

Sasa oneni kazi aliyoifanya. Alikaa miaka kadhaa kabla ya kupata rekodi yao dukani. Akajifundisha mwenyewe kwa kusikiliza tu. Maneno je? Kamusi ya Kituva na Kiingereza hakuipata, akatumia mbili: anatoa Kituva kwenda Kirusi, halafu Kirusi kwenda Kiingereza. Na haoni! Alikuwa na kifaa kinachogeuza maandishi kuwa mtetemo, anasoma kwa ncha ya kidole, herufi moja moja. Sisi wenye macho mawili desa la kurasa kumi linatushinda.

Mwaka 1993 alikutana na bingwa wa Tuva, Kongar-ol Ondar, mjini San Francisco. Mwaka 1995 akaenda Kyzyl kushindana mbele ya wenye mali yao. Akashinda kwenye kargyraa, ule mtindo wa sauti nzito, na watazamaji nao wakamchagua kipenzi chao. Filamu ya Genghis Blues ya mwaka 1999 inaonyesha safari yote.

Mtasema, "Lakini kachukua cha watu." Kaiba kwa nani, wakati wenyewe ndio waliompa ushindi? Na hakwenda mikono mitupu, alipeleka gitaa lake na blues yake. Kudesa ni kitu kingine: unakata sauti ya bibi wa kijijini kwenye kompyuta, unaibandika kwenye biti, jina la bibi kwenye kava hakuna, na senti haoni.

Pena aliijua thamani ya jina kwenye wimbo. Albamu yake New Train aliirekodi 1973, ikafungiwa kabatini mpaka 2000. Wimbo wake Jet Airliner ulivuma 1977 kwa sauti ya Steve Miller Band. Lakini aliandikwa kuwa mtunzi, na mirabaha hiyo ilimsaidia kuishi mpaka alipofariki 2005.

Kwa hiyo tuache kuuliza "nani kachanganya?" Tuulize: kajifunza? Kawataja wenyewe? Kawalipa? Akifaulu hayo matatu, mwacheni aimbe.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, matusi abaki nayo.